Shati la Karani

Mwanangu alikufa Ijumaa, Jumamosi akarudi nyumbani na njaa.

Nasema hivi bila kupepesa macho kwa sababu nilikuwepo mara zote mbili. Ijumaa nililia mpaka sauti ikakauka. Jumamosi nilicheka mpaka mama mkwe akaamuru nimwagiwe maji, na maji yaliyokuwa karibu yalikuwa ya wanga wa kukazia nguo, basi mpaka jua linazama gauni langu lilikuwa linasimama lenyewe. Sisi ni madobi. Kwetu hata furaha hupitia kwenye beseni kwanza.

Nyumba yetu ndiyo ile yenye kamba nyingi kuliko madirisha, pale barabara ya lami inapoyaacha mashamba na kuanza kujifanya mji. Mbele ni chumba cha pasi, nyuma ni uwanja wa kuanikia, na katikati tunaishi sisi, migongo imeinama, maana ukinyanyuka tu unakutana uso kwa uso na shuka la mtu. Mume wangu anafua, mimi napiga pasi, na mwanetu wa miaka kumi na saba kazi yake ni kuwapelekea wenyewe nguo zao. Nasema kuwapelekea, lakini njia aliyoipenda zaidi ni kuzipeleka akiwa amezivaa. Suruali ya mwalimu mkuu ilikwenda mpirani kabla haijarudi kwa mwalimu mkuu. Koti la daktari lilihudhuria harusi ambayo daktari hakualikwa. Ndiyo maana wakamwita Bosi. Mimi nikawa Mama Bosi, na ingawa nilimkimbiza kila wiki na ubao wa kufulia, moyoni nilikuwa najivuna kidogo, kwa sababu nguo za watu zilimkaa vizuri kuliko wenyewe.

Ukuta kwa ukuta na sisi anakaa fundi cherehani, rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Yule mama sauti yake inaishinda mashine ya kusaga. Anacheka kabla hujamaliza kusema, kisha anakuuliza ulikuwa unasema nini. Na Mungu, ambaye naye ana utani wake, akampa mtoto mmoja tu, na mtoto mwenyewe hasemi. Si bubu, la. Aliyaona maneno kama kitu cha kuweka akiba. Tulimwita Kimya, na mama yake akawa Mama Kimya, jina ambalo kila mgeni alilicheka akidhani tunamsuta.

Kimya na Bosi walizaliwa mwaka mmoja na wakarefuka pamoja, bega kwa bega, kana kwamba mmoja alimwogopa mwenzake asimtangulie. Bosi akihitaji kushonewa kitu na hayupo, basi Mama Kimya alimwita mwanawe, akamzungushia futi ya kupimia, akakata.

"Hawa ukimpima mmoja umewapima wote," alikuwa akisema. "Hawa ni pacha waliokosea mlango."

Na hakukosea hata siku moja.

Sasa, hiyo Ijumaa. Asubuhi na mapema muuza maziwa alikuwa anapita na baiskeli yake kwenye mashamba ya alizeti, akakuta kijana amelala kando ya barabara, na vipande vya taa ya gari vimetapakaa. Gari lenyewe halikuwepo. Lilimgonga mtoto wa watu akitembea kwa miguu yake, likaendelea na safari. Mtu akikurushia maji ya sabuni kwa bahati mbaya husimama akasema samahani. Huyu aliua, akakanyaga mafuta. Mpaka leo nikimfikiria dereva yule, mkono wangu unaitafuta pasi, tena ya moto.

Maiti ikapelekwa hospitali, na mwenyekiti wa mtaa akaja kuuliza nyumba kwa nyumba ni kijana wa nani hakulala kwao. Bosi hakulala kwetu. Mume wangu akavaa viatu, akaenda.

Huko nesi alimwambia, "Mzee, uso umeumia sana. Kama kuna alama nyingine unayoweza kumtambulia, tumia hiyo."

Maskini yule nesi, hakujua anaongea na dobi. Ukinionyesha uso wako nitakusalimia tu. Nionyeshe kola ya shati lako nikwambie unaoga lini na mkeo anakupikia nini. Kila mteja wetu ana alama yake ya uzi, ndani ya kola, mahali ambapo hata yeye mwenyewe haioni. Mume wangu akakubali nusu ya shuka ifunuliwe, chini ya kidevu, akafanya kile ambacho mikono yake imefanya maisha yake yote. Akaigeuza kola. Akaona uzi wa kijani wenye mafundo mawili. Hilo lilikuwa shati la zambarau la karani wa benki, lililotoweka kambani Alhamisi. Na kwetu shati likitoweka kambani, hakuna haja ya kumtafuta mwizi. Liko mwilini mwa Bosi.

"Ni mwanangu," akasema, na shuka hakulifunua zaidi.

Mkulima angetazama viganja. Mama yeyote, hata mimi niliyemzaa, angetazama vidole vya miguu. Lakini alikwenda dobi.

Jumamosi uwanja wetu ulijaa watu. Hakukuwa na muda wa kuanua nguo, hivyo msiba wa Bosi ukakaliwa chini ya mashuka ya watu, na upepo ulipovuma waombolezaji walipigwa vibao na foronya. Mama Kimya ndiye aliyeshika kila kitu. Alishika jiko, akashika wageni, akanishika mimi. Katikati ya hayo yote alikaa kwenye cherehani yake akamshonea mwanangu nguo ya kuzikwa nayo, ndefu, nyeupe, pindo zake zimenyooka kama mstari wa daftari jipya.

"Nimemkatia vizuri," aliniambia huku machozi yakimtiririka mpaka kwenye futi iliyoning'inia shingoni. "Vipimo vya Kimya ninavyo kichwani, sikuhitaji kumsumbua marehemu. Sijui hata nitamwambiaje Kimya akirudi. Yuko kwa bibi yake na kule simu hazishiki. Ameondoka Alhamisi anacheka peke yake, Kimya, unaweza kuamini? Anarudi kukuta hana mwenzake."

Nikamkumbatia. Tukalia pamoja, yeye kwa sauti ya wawili.

Aliyekufa hasemwi vibaya, na siku ile walimsema vizuri mpaka nikadhani nimekosea msiba. Mwalimu mkuu alisimama akasema marehemu alikuwa kijana mwaminifu ambaye hakugusa cha mtu, na aliyasema hayo amevaa suruali yenye doa la chungwa ambalo si yeye aliyelitia. Mama mmoja alilia kwa uchungu kabisa, na kila alipoinua kichwa kwa Mungu alitumia nafasi hiyo kutafuta shuka lake kwenye kamba. Karani wa benki naye alikuja, mtu mpole mwenye sauti ya chini. "Poleni sana," alisema, akampa mume wangu mkono, na macho yake yakatembea taratibu kutoka kamba ya kwanza hadi ya mwisho.

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa pembeni kabisa, karibu na ua wa nyuma, amejifunika kanga mpaka puani. Hapo ndipo mashuka mawili yalipofunguka na kichwa kikachungulia.

"Bibi," kichwa kikanong'ona. "Nani amekufa?"

"Ni wewe, mjukuu wangu," bibi akajibu bila kuinua uso.

"Mimi?"

"Ndiyo, baba. Wanaume wamekaa kule mbele. Nenda ukakae nao."

Akatoa kamasi vizuri, akaifuta pua. Kisha nikaona bega lake limeganda. Kiatu chake ndicho kilichotangulia kuelewa. Kilimpata Bosi kwenye sikio, na kelele aliyopiga Bosi ilikuwa kelele ya mtu mzima wa afya, asiye na dalili hata moja ya kufa.

Msiniulize nini kilifuata, maana kila kitu kilifuata kwa pamoja. Watu walikimbia. Waliokimbia wakanasa kwenye kamba, kamba zikakatika, na waombolezaji wakawa wanapapasana chini ya mashuka wakitaja majina ya Mungu. Mume wangu alitumbukia kwenye beseni, akatoka, akamfikia mwanawe akiwa ameloa, na nawaapia mbele ya watu wote, alianza kwa kumgeuza kola. Ndipo akamtazama usoni. Ndipo akapiga magoti.

"Marehemu!" mwalimu mkuu akapaza sauti kutoka chini ya shuka. "Hiyo uliyovaa ni suruali yangu nyingine!"

Hapo nikaanza kucheka. Si kicheko cha kawaida. Kilinianzia magotini, kikapanda, kikanikaba, nikakaa chini kwenye tope la sabuni, nikawa nacheka na kulia na kupiga kwikwi, namvuta Bosi mguu nione kama umeungana na mwili. Vidole vilikuwa vyake, vyote, na kile kidogo kilichopinda. Nikavibusu na tope lake. Ndipo nikamwagiwa maji ya wanga, na haikusaidia kitu.

Na kama mimi nilicheka, Mama Kimya alipasuka. Vigelegele vyake vilimwamsha mbwa wa nyumba ya nne. Alimrukia Bosi, akamzungushia futi kiunoni.

"Simama nikupime! Mfu gani huyu anaongezeka unene! Na mimi nimekaa tangu asubuhi nakushonea, mgongo umekufa kweli!" Akaitwaa ile nguo nyeupe, akaipunga juu ya vichwa vya watu kama bendera. "Mnaiona hii? Naifumua sasa hivi! Namshonea Bosi shati lake mwenyewe, la kwake, aache kuvaa ya watu! Na Kimya nampa lingine, kitambaa kinawatosha wote wawili!"

Watu wakapiga makofi. Akaenda kutafuta wembe wa kufumulia.

Wachimba kaburi wakaingia na makoleo yao, vumbi mpaka kwenye kope, wakakuta msiba unacheza. Mkubwa wao akamtazama Bosi, akatutazama sisi.

"Sasa jamani," akasema, "tuendelee kuchimba au tunywe chai kwanza?"

Mbavu zikatuuma upya. Ila swali la koleo si la kuchezea, na kidogo kidogo kicheko kikaanza kupungua kuanzia nyuma. Mtu mmoja akasema, "Lakini pale hospitali kuna mtoto."

Mama Kimya ndiye aliyejibu, wembe mkononi.

"Maskini ya Mungu, yupo mama mahali hajui. Pengine muda huu anachagua mchele." Akatikisa kichwa. "Kesho tumtafute, Mama Bosi. Asiambiwe na polisi. Aambiwe na mwanamke mwenzake."

"Ndiyo," nikasema. Kisha mtu akapiga chafya chini ya shuka ambalo lilikuwa halijanyanyuliwa, na uwanja mzima ukalipuka tena.

Nikamvuta Bosi ndani, chumba cha pasi, nikafunga mlango. Nilimkalisha juu ya furushi la nguo, nikampa mkate na chai, nikakaa kumtazama akitafuna. Sijawahi kuona kitu kizuri kama taya lile. Kila baada ya muda kwikwi ya kicheko ilinitoka yenyewe, naye akanicheka, mkate mdomoni.

"Ulikuwa wapi, mjinga wewe?"

"Kwenye tanuri la matofali, nimejificha. Nilijua karani anakuja kuchukua nguo zake na Baba ataniua." Akameza. "Kumbe nilishakufa."

Tukacheka tena, nikampiga kibao cha bega.

"Lakini Mama, kwa nini mlisema ni mimi?"

"Baba yako aliona shati. Lile la karani, la zambarau. Aligeuza kola, uzi wa kijani..."

Bosi akaacha kutafuna.

Nilimwona akiuweka mkate chini, polepole, juu ya meza ya pasi, mahali ambapo chakula hakiruhusiwi kuwekwa.

"Mama," akasema. "Mimi sikulivaa."

Sikumuuliza ni nani. Mwili wangu ulikuwa umeshajua, ila akili ilikuwa bado inafunga viatu. Akasema mwenyewe, maneno yakigongana. Kimya alitaka kwenda kuongea na binti wa mwenye mashine ya kusaga, kijiji cha pili, kabla hajaenda kwa bibi yake. Kimya, kuongea! Alikuja Alhamisi kwenye uwanja wa nyuma akayafanyia mazoezi maneno yake mbele ya Bosi, akimfanya Bosi ndiye binti, na Bosi akawa anajibu kwa sauti nyembamba na kurembua macho mpaka wote wawili wakalala chini kwa kicheko. Alisema mengi siku ile kuliko mwaka mzima. Bosi akamwona amevaa fulana iliyotoboka, akanyoosha mkono kambani, akamchagulia shati zuri kuliko yote. Walikubaliana wakutane kwenye tanuri la matofali, Kimya akiwa njiani kwenda kwa bibi, arudishe shati.

"Nilimsubiri," Bosi akasema. Machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta. "Si shati tu, Mama. Nilikuwa nataka anihadithie alijibiwa nini."

Niligeukia dirishani.

Dirisha la chumba cha pasi linatazama uwanjani, na kupitia hapo nilimwona Mama Kimya amekaa kwenye kigoda chake katikati ya wanawake, nguo nyeupe magotini, anamwigiza mama mkwe wangu. "Ndiyo, baba, nenda ukakae na wanaume!" Wanawake wakaangukiana kwa kicheko. Alikuwa amefungua kichwa, nywele zimesimama, anapangusa macho kwa ncha ya ile nguo. Alikuwa anacheka kwa ajili yangu. Tangu jana alilia kwa ajili yangu, na sasa alikuwa anacheka kwa ajili yangu, na katika yote hayo yeye mwenyewe alikuwa bado hajapata zamu.

Nikawaza, mwache amalize hadithi hii. Mwache acheke na ile ya mwalimu mkuu, anaiweza vizuri. Kesho ndiyo tulisema. Mtoto hawezi kufa zaidi.

Halafu nikamwona karani. Alikuwa anapita kati ya watu na tabasamu lake la adabu, akiinama kwa huyu, akiinama kwa yule, na ingawa sauti yake haikunifikia niliusoma mdomo wake. Samahani. Shati langu. Sasa nani hasa alikuwa amelivaa? Watu walikuwa wanainua mabega. Mmoja akaanza kukunja uso, akifikiri. Karani akageukia upande wa kigoda.

Nikatoka. Sikumbuki kufungua mlango. Gauni langu lilikuwa limekauka likawa ubao, likawa linagonga miguu yangu kila hatua, na wanawake waliponiona hivyo wakaanza kucheka upya. Na mimi, Mungu anisamehe, kwikwi ikanitoka. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote, kwamba furaha ilikuwa bado imo. Mwanangu alikuwa hai nyuma ya ukuta ule, na mwili wangu ulikuwa haujali habari nyingine yoyote.

Nikampita karani, nikampiga kumbo bila kuomba radhi. Nikapiga magoti mbele ya kigoda.

"Haya, huyu hapa mama wa mfu!" Mama Kimya akasema, akanipisha karibu naye. "Njoo nikuonyeshe. Nikikata hapa na hapa, napata mashati mawili na kitambaa cha mkono. Kimya atapenda jeupe? Ataniambia 'mh', basi."

Akaingiza ncha ya wembe chini ya mshono wa kwanza.

Nikaushika mkono wake.

"Usifumue," nikasema.

"Kwa nini? Unataka kumwekea akiba?" Akacheka, wanawake wakacheka. Wembe ulikuwa bado kwenye uzi. "Tazama mshono wangu ulivyokaa, hata mimi naona huruma. Lakini nguo hii itamfaa nani mwingine sasa? Nimeikata kwa vipimo vya Kimya."

"Najua," nikasema.

Yeye hajawahi kutazama kola. Fundi cherehani akikupima anakutazama usoni, aone unapumua au umezuia pumzi. Akanitazama hivyo sasa, kichwa kimeinama upande, futi shingoni. Tabasamu lilikuwa bado limebaki pale, kubwa, la mtu anayejua kuwa mimi hujivuta nikisimulia na kwamba kichekesho huwa kinakuja mwishoni.

"Haya, sema," akasema, na akaendelea kucheka kidogo kidogo, akinisubiri nimalizie.

Nikamalizia.